Mawe Meupe Kumi na Matatu

Siku tuliyomzika mama yangu, wasifu wake ulisomwa kutoka kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua, akafariki. Katikati ya hayo kulikuwa na sentensi moja iliyonichoma kuliko msiba wenyewe: marehemu alizaliwa katika familia ya wakulima na wafugaji. Nilimgeukia mjomba wangu, kaka yake mama, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa maelezo ya ukoo kwa mwandishi wa karatasi ile. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, kofia magotini, anaangalia mbele kama mtu anayesubiri basi.

Wakulima na wafugaji! Kuanzia Shinyanga mpaka Geita nani si mkulima na mfugaji? Hata mimi mwalimu mstaafu ninayeishi Ngokolo nina kuku na matuta manne ya mchicha. Ukoo wa mama yangu walikuwa wayeyusha chuma. Walichimba mawe mekundu, wakayapika kwenye matanuri ya udongo kule kilimani kwao, wakatoa chuma, wakakifua kikawa majembe ambayo watu walitembea siku kadhaa kuyafuata. Mama alinisimulia haya tangu nikiwa mdogo, tukichambua choroko, na kila mara aliongeza kwamba babu yake alihamia kilimani kiangazi kizima, asimguse mkewe mpaka kazi iishe, na kwamba mwanamke hakuruhusiwa kupanda huko tanuri likiwaka. Alilisimulia hilo kwa fahari, sijui kwa nini.

Nimefundisha historia sekondari mpaka vumbi la chaki likanikaa kifuani. Nimewachorea watoto wa watu mitambo ya Ulaya ubaoni, mtambo wa mvuke na mtambo wa kusokota nyuzi, na kuwachapa waliokosea. Habari za kilima cha wajomba zangu sikuwahi kuzifundisha hata kipindi kimoja. Siku ile ya msiba hasira yangu ilikuwa ya watu wawili, ila niliimwaga yote kwa mjomba.

"Kwa nini hukusema walikuwa watu wa chuma?" nilimuuliza baada ya maziko, watu wakiwa bado wanakunja turubai.

"Ili iweje?"

"Ili ijulikane, mjomba."

"Ijulikane kwa nani?" Akavaa kofia yake. "Mama yako amezikwa vizuri. Watu wamekula."

Sikumpenda mzee huyu tangu zamani. Alikuwa mkaidi, mchoyo wa maneno, mwenye tabia ya kukuacha unaongea akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe wake. Siku ile niliamua kwamba kabla sijafa, kilima kile kitaandikwa mahali.

Kilima chenyewe kiko upande wa Geita. Kutoka Shinyanga unapanda basi, halafu bodaboda, halafu unatembea. Kimo ndani ya ngitili ya kijiji, yaani eneo la malisho ambalo wanakijiji hulifunga mvua zikianza ili nyasi zikue, na hulifungua kiangazi kikikaza na ng'ombe hawana pengine pa kula. Halina uzio wala bango. Kila mtu anajua linaanzia mti gani na kuishia korongo gani, na anajua vilevile kwamba akiingiza mifugo kabla ya wakati, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, watamwita.

Nilipanda mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya maziko, mjomba akiwa mbele yangu, amenuna. Juu kabisa, kwenye nyasi zilizonifika kiunoni, alinionyesha kwa fimbo bila kusema kitu. Niliinama. Kulikuwa na duara la udongo uliochomwa mpaka ukawa mwekundu, ukingo wake umechomoza kidogo tu ardhini. Pembeni palikuwa na vipande vya mirija ya udongo, minene kama mkono wangu, ile waliyopitishia upepo wa mivukuto. Na kila mahali mavi ya chuma: mabonge meusi, mazito, yenye matundu, uchafu unaobaki chuma kikishatoka. Nilihesabu matanuri matatu. Niliokota bonge moja nikalipakata, na mimi ni mtu mzima, nikalia.

"Umeona," mjomba alisema. "Sasa tushuke."

"Hapa panatakiwa pahifadhiwe, mjomba."

"Pamehifadhiwa."

"Na nani? Hakuna hata kibao!"

"Yaya, mayu," alisema, kwa Kisukuma, akimaanisha hapana, mama. "Hapa hawaji watu kwa sababu hakuna cha kuangalia. Wakiona cha kuangalia, watakuja. Halafu wewe ni mwanamke. Mama yako hakuwahi kufika hapa."

"Na tanuri liliwaka lini mara ya mwisho?"

Aliteremka akaniacha na nyasi zangu.

Nilikwenda ofisi moja ya wilaya nikiwa na bonge lile kwenye mkoba. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana mwenye shati limenyooka na simu mbili mezani. Aliligeuza bonge, akanusa vidole vyake, akaniuliza kama ni kimondo. Nilimweleza kuanzia mwanzo. Alisikiliza vizuri, nakiri, kisha akaniambia eneo haliwezi kuingia kwenye orodha likiwa halina alama. Niweke alama za kudumu, nizipe namba, nipige picha, nilete maelezo pamoja na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Baada ya hapo wao wangekuja kukagua.

"Mtakuja lini?" niliuliza.

"Wewe lete kwanza, mwalimu. Watu kama nyinyi mko wachache sana."

Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikatoka nimeng'aa.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Nilivaa suti yangu ya kitenge, nikazungumza kama niko mbele ya kidato cha nne. Wengi walikubali upesi, kwa sababu jambo lenyewe halikuwagharimu kitu. Mjomba peke yake alisimama kupinga. Alisema kilima kiachwe na nyasi zake. Hakutoa sababu nyingine, na watu walianza kumsikiliza, maana anaheshimika, na kikao kikaanza kuegemea upande wake.

Hapo nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimejiandaa kulifanya. Wiki mbili kabla, nikiwa kilimani na daftari langu, niliona ng'ombe sita ndani ya ngitili iliyofungwa, na niliwatambua kwa chapa. Nikasimama mbele ya kijiji kizima nikasema, "Mjomba hataki alama kwa sababu anachunga huko wakati nyinyi mmefunga. Mwulizeni ng'ombe sita walikuwa wanatafuta nini."

Mjomba hakukana. Alisema nyasi za kwake zilikuwa zimeisha na ndama walikuwa wanakufa. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Sungusungu walikaa siku hiyohiyo wakamtenga mwezi mmoja. Mgeni anaweza kudhani hiyo ni adhabu ya kitoto. Aliyetengwa hapigwi wala hafungwi. Ila hakuna anayemsalimia, na akisalimia hajibiwi. Haombi moto wala maji akapewa, na anayevunja amri hiyo anatengwa naye. Mzee anakaa na mkewe nyumbani, kijiji kinapita njiani kama vile hapo hakuna nyumba.

Mimi nilirudi Shinyanga kununua rangi. Duka nililokwenda ni la mzee mmoja wa Kihindi ambaye baba yake alikuja wakati wa biashara ya pamba, na yeye kazaliwa palepale mjini, anaongea Kisukuma kunishinda. Nilitaka kopo la rangi nyeupe ya mafuta na kopo dogo la nyekundu.

"Bikoni?" aliuliza huku akifuta vumbi kwenye kopo.

"Bikoni gani?"

"Watu wa Geita wananunua hivihivi, mwalimu. Nyeupe kubwa, nyekundu ndogo. Jiwe jeupe, namba nyekundu. Umepata leseni, unataka kuchimba?"

"Nina sura ya kuchimba dhahabu mimi?" nilimjibu kwa ukali. "Ni kazi ya historia."

Alicheka, akanifungia makopo kwenye gazeti. Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Maneno yote nilipewa, dukani, mchana kweupe, na mtu aliyekuwa anacheka.

Nilipaka mawe kumi na matatu. Nilichagua makubwa, yale ambayo ng'ombe hawezi kuyasukuma, nikayazungushia matanuri yote matatu, na kila jiwe nikaliandikia kwa rangi nyekundu herufi mbili na namba, kama nilivyoelekezwa. Vijana wawili niliowalipa walinisaidia kufyeka nyasi ili picha zitoke vizuri. Kazi ilipoisha, ukisimama barabarani chini kule uliona kilima kimenyolewa utosini na mawe yanang'aa kwa jua. Kazi yangu ilinipendeza sana.

Nikiteremka nilipita nyumbani kwa mjomba. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, wiki ya tatu ya kutengwa kwake. Aliponiona aliweka chini kamba aliyokuwa anasokota, akaniangalia, na nilimwona amekwisha kufungua mdomo kuitikia marahaba. Maisha yangu yote sijawahi kumpita mzee huyo bila kumpa shikamoo, hata siku ambazo nilitamani kumtukana. Mimi si mwanakijiji pale, na amri ile haikunihusu. Nilimpita. Sikutoa shikamoo. Nasema hili kwa sababu ni kweli: nilifurahia, na furaha hiyo niliisikia mpaka kwenye bodaboda.

Picha, daftari na muhtasari nilivipeleka kwa afisa wangu. Alipokea, akagonga muhuri, akasema watakuja. Miezi ikapita.

Habari nilizisikia sokoni Shinyanga, nikichagua nyanya. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alikuwa anamweleza mwenzake kwamba mumewe amekimbilia kwenye rashi mpya, upande wa Geita, kilima fulani chenye ngitili. Rashi ndiyo wachimbaji wanavyoliita eneo lililosikika kuwa na dhahabu na watu wakalivamia kabla mwenye leseni hajafika. Nilimuuliza kilima gani. Akakitaja. Niliacha nyanya kwenye mizani.

Kesho yake mchana nilikuwa huko. Kutoka barabarani nilisikia karasha, zile mashine za kusagia mawe, zikinguruma. Palipokuwa na nyasi palikuwa na vibanda vya maturubai, mama lishe na masufuria yao, viroba vya mawe vimepangwa, wanaume wamepakaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Maduara, yaani mashimo yao, yalikuwa kila mahali, mengine yameegemezwa magogo ya miti ya ngitili. Nilitafuta tanuri la kwanza. Lilikuwa shimo. La pili lilikuwa shimo. Juu ya la tatu walikuwa wamejenga choo.

Msimamizi wao alinifuata, mwanaume wa makamo mwenye buti za mpira. Alivua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amewaruhusu kuchimba hapa?"

"Wewe ndiye mwalimu? Aliyeweka bikoni?" Uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli. "Jamani, mwalimu mwenyewe huyu hapa!"

Walikuja kunisalimia. Walinipa mkono mmoja mmoja, mikono migumu, wengine wakainama. Msimamizi alinieleza kwa heshima zote jinsi ilivyokuwa. Mtu alipita barabarani akaona kilima kimefyekwa na bikoni kumi na tatu zenye namba. Akajua kuna mtu wa ofisini amepima mwamba, anasubiri leseni tu. Kwa hiyo wakawahi.

"Sisi si wezi, mwalimu," alisema. "Bikoni zako hatujagusa hata moja. Kuhamisha bikoni ni kesi. Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Yote kumi na matatu yalikuwa yamesimama pale nilipoyaacha. Walichimba kuyazunguka. Jiwe namba nne lilikuwa limebaki juu ya kichuguu cha udongo kati ya mashimo mawili, safi, kana kwamba limepanguswa asubuhi ile. Msimamizi akachukua nafasi hiyo kuniomba niwaamulie: kulikuwa na ugomvi wa duara lililo kati ya jiwe la nne na la tano, na kwa vile mimi ndiye mwenye alama, ningewasaidia kujua mpaka unapita wapi.

"Kulikuwa na mirija ya udongo hapa," nilisema. "Na mabonge meusi. Mengi."

"Yale mazito? Tuliyasaga yote, mwalimu, ndiyo tuliyoanza nayo. Hayana kitu. Mavi ya chuma tu." Wakacheka, si kwa ubaya.

Nilitukana. Nilitoa matusi ambayo sikujua kama ninayajua, nikiwaita mbwa na waharibifu, na wao walininyamazia kwa adabu kama mtu anavyomnyamazia mama yake aliyefiwa. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilitaka mmoja anijibu vibaya ili nimchukie vizuri. Niliondoka bila kufika kwa mjomba. Nilijiambia basi litaniacha, lakini nilikuwa namwogopa.

Dhahabu haikuwepo. Waliondoka walivyokuja, wote kwa mara moja, wakafuata tetesi nyingine. Kwenye sanduku langu la barua ikaja barua kutoka kwa afisa wangu. Alinishukuru kwa mchango wangu mkubwa, akathibitisha kupokea nyaraka, akanishauri niendelee kushirikiana na wananchi kulitunza eneo. Niliisoma nimesimama, nikaichana, nikaviokota vipande nikavichana tena.

Kiangazi kilipokaza nilikwenda kumwona mjomba. Nilibeba sukari, sabuni na shuka jipya. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba msamaha kama ninavyopanga somo. Kilima nilikiona kwa mbali, chekundu, kimetobolewa, na mawe yangu juu yake yanang'aa kuliko kitu chochote. Nyasi hakuna. Njiani nilikutana na ng'ombe wawili wakiswagwa, mbavu zinahesabika. Ngitili ilikuwa ndiyo akiba ya kijiji kizima kwa miezi kama hiyo.

Kisimani kulikuwa na wanawake watano. Wawili kati yao walinipigia vigelegele siku ya mkutano.

"Habari za hapa, akina mama?"

Hakuna aliyegeuka. Mmoja aliendelea kuvuta kamba ya ndoo. Nilidhani hawakunisikia, nikarudia kwa sauti zaidi, na yule wa mwisho akajitwisha ndoo yake akanipita karibu kiasi cha maji kunirukia mguuni. Nilikuwa na kiu. Sikuomba. Mzee aliyeandika muhtasari wa mkutano alikuwa anatokea upande wa pili. Nilimpa shikamoo, naye akatazama viatu vyake mpaka aliponipita.

Hapo nilielewa. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu kuniambia kungekuwa kuongea nami. Mjomba walimtajia mwezi mmoja. Mimi sijui walinitajia muda gani.

Alikuwa nje, kwenye kigoda kilekile, anasokota kamba. Amekonda. Zizi nyuma yake lilikuwa na ng'ombe watatu. Mke wake alichungulia mlangoni, akauona mzigo wangu, akauona uso wangu, akarudi ndani. Nilisimama mbele yake karibu kiasi cha kivuli changu kufika miguuni pake.

"Shikamoo mjomba."

Vidole vyake viliendelea na kamba.

"Mjomba, shikamoo."

Aliunganisha uzi mpya wa katani kwenye ule wa zamani, akauviringisha kwenye paja, akauvuta kuujaribu. Maneno yote niliyoyapanga yalihitaji neno lake moja ndipo yaanze. Niliweka mzigo chini. Nilipiga magoti kwenye vumbi, kama mama alivyonifundisha kumsalimia kaka yake nilipokuwa mtoto, nikatoa shikamoo mara ya tatu, nikasubiri marahaba.